Mteja Akiuliza "Oili ya Transfa Ipo?" Usianze na Bei

Somo la leo ni la wale mnaouza oili na spea za magari mtandaoni, iwe Instagram, Facebook, status za WhatsApp au kwenye magrupu ya madereva. Kama unauza kitu kingine usiondoke, maana namna ya kumuuliza mteja kabla ya kumtajia bei itakufaa na wewe.

Kila muuza oili anaijua meseji hii: "Habari, oili ya transfa ipo? Shingapi?" Wengi tunajibu papo hapo, "Ipo boss, karibu sana," tunatupia bei na namba ya kulipia. Kuwahi kujibu ni kuzuri, mteja wa mtandaoni hasubiri. Ila kwa bidhaa hii, jibu la namna hiyo linaweza kumharibia mtu gari lake la kazi.

Sababu ni moja: hakuna oili moja inayoitwa "oili ya transfa". Ipo pikapu inayotaka oili nzito ya gia. Ipo inayotaka ATF, ile oili nyepesi ya gia za otomatiki. Ipo hata inayotaka oili ya injini. Zote ni 4WD, zote zinapita njia moja na mizigo ileile, lakini ukimpa huyu oili ya yule, umemuuzia tatizo. Na yeye hatasema oili ilikuwa sahihi kwa gari lingine. Atasema, "Yule wa mtandaoni kaniuzia feki."

Basi twende taratibu.

1. TRANSFA NI NINI HASA

Transfa ni ile gia ndogo inayokaa nyuma ya giaboksi kwenye gari la 4WD. Kazi yake ni kuchukua nguvu inayotoka kwenye giaboksi na kuigawa: propela shafti moja inakwenda difu ya nyuma, nyingine difu ya mbele. Dereva akiweka H2, nguvu inakwenda nyuma peke yake. Akiweka H4, inakwenda nyuma na mbele. Akiweka L4, gari linakwenda polepole lakini kwa nguvu nyingi, kwa ajili ya tope, mlima mkali au kujinasua.

Ndani yake kuna gia, beringi, na kwenye baadhi ya magari kuna cheni na pampu ndogo ya oili. Vyote hivyo vinategemea oili kidogo sana. Kwenye pikapu nyingi ni kati ya lita 1 na lita 2 hivi. Injini inabeba oili nyingi kuliko hapo na inabadilishwa mara kwa mara. Transfa inasahaulika miaka, mpaka siku ianze kulia.

2. KWA NINI OILI ZAKE HAZIFANANI

Hapa ndipo penye somo lenyewe, soma vizuri.

Transfa zenye gia tupu, yaani jino linasukuma jino, kwa kawaida zinataka oili ya gia. Meno yanabanana kwa nguvu kubwa, kwa hiyo yanahitaji oili yenye uzito na dawa za kuzuia chuma kisigusane na chuma. Ukiweka oili nyepesi mno humo, ule utando wa oili katikati ya meno unakatika. Transfa inaanza kuvuma, beringi zinalika.

Transfa nyingi zenye cheni na pampu zinataka ATF. Pampu ile imetengenezwa kuvuta oili nyepesi na kuipeleka juu kwenye beringi. Ukiweka oili nzito, asubuhi gari likiwa baridi pampu inahangaika, oili inachelewa kufika, na kuingiza H4 kunakuwa kugumu.

Kisha kuna transfa zenye klachi ndani, zile zinazojiingiza 4WD zenyewe. Hizo ni za kuogopa zaidi, kwa sababu klachi zake zinataka oili ya aina yake iliyotajwa na mtengenezaji. Kwa gari kama hilo usikisie kabisa.

Kwa hiyo swali la mteja si "oili nzuri ni ipi". Oili ya bei ghali ikiwa si ya gari lake bado ni oili mbaya kwake.

3. KUSOMA CHUPA KABLA HUJAIPIGA PICHA

Wauzaji wengi tunapiga picha upande wa mbele wa chupa, penye jina na rangi nzuri. Habari zenyewe ziko nyuma, na ndizo unazotakiwa kuzijua.

SAE 75W-90, 80W-90, 90, 140: huu ni uzito wa oili ya gia. Namba hizi hazilingani na za oili ya injini. Oili ya gia ya 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo mteja akikuambia "90 ni nzito mara mbili ya 40", mweleweshe kwa upole kwamba vipimo ni viwili tofauti.

GL-4 na GL-5: hizi zinaonyesha kiwango cha dawa za kuhimili mgandamizo. GL-5 ina dawa nyingi zaidi na ilikusudiwa hasa kwa difu. GL-4 ndiyo inayotajwa kwa giaboksi nyingi za mkono zenye vipande vya shaba ndani. Kitabu cha gari kikisema "GL-4 au GL-5", yoyote inafaa. Kikisema GL-4 peke yake, usimpe GL-5 kwa kudhani namba kubwa ndiyo bora. Kutoka 4 kwenda 5 hapa ni kubadilisha kazi, si kupanda daraja.

LSD: chupa ya oili ya gia ikiwa na herufi hizi, ina dawa ya difu maalumu. Ni ya difu hiyo, usiipeleke kwenye transfa kama kitabu hakijasema.

ATF, Dexron III, Dexron VI: hizi ni za gia za otomatiki, na ndizo pia zinazotajwa kwa baadhi ya transfa. Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui: kampuni ya General Motors, mwenye jina la Dexron, iliacha kutoa leseni za Dexron III, na leseni zote zilikwisha mwishoni mwa mwaka 2006. Chupa mpya iliyoandikwa Dexron III leo maana yake mtengenezaji anasema oili yake inafikia kiwango kile cha zamani. Inaweza kuwa nzuri tu, lakini usiandike kwenye tangazo lako kwamba imethibitishwa na General Motors. Na Dexron VI ni nyepesi kuliko III, kwa hiyo usibadilishe moja kwa nyingine bila kitabu kuruhusu.

Rangi: ATF nyingi ni nyekundu, oili ya gia nyingi ina rangi ya asali. Lakini rangi inatiwa kiwandani tu. Mteja akikutumia picha ya oili iliyotoka na kuuliza "nipe kama hii", rangi haikupi jibu. Huenda aliyeiweka mwanzo naye alikosea.

4. MIFANO YA PIKAPU ZETU

Hii ni mifano ya kukufungua macho, isiwe orodha ya kuuzia. Gari la jina moja hubadilika kutoka toleo hadi toleo.

Toyota Hilux ya gia za mkono ya kizazi cha "Vigo", zile zenye kodi kama KUN25 na KUN26: transfa inatumia oili ya gia SAE 75W-90, GL-4 au GL-5, karibu lita 1.

Baadhi ya Toyota za karibuni: kitabu kinataja oili maalumu ya transfa ya Toyota iitwayo LF, SAE 75W, ambayo ni nyepesi kuliko 75W-90. Unaona? Jina ni lile la Toyota, kifuniko ni kilekile, oili ni nyingine.

Nissan Hardbody ya D22: transfa yake inatumia ATF, lita 2 na kitu. Mtu aliyezoea Hilux akiletewa D22 anamimina 75W-90 bila kufikiri. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea.

Isuzu: kwa baadhi ya pikapu zake za zamani za gia za mkono, kitabu kinaelekeza oili ya injini kwenye giaboksi na transfa. Ukimwambia mteja hivyo atakushangaa, lakini ndivyo kilivyoandikwa.

Magari manne, majibu manne. Sasa fikiria umejibu yote manne kwa "Ipo boss, karibu."

5. MASWALI MANNE KABLA YA BEI

Hifadhi ujumbe huu kwenye simu yako, uwe unautuma kwa kila anayeulizia oili ya transfa:

"Habari boss, asante kwa kututafuta. Oili ya transfa inatofautiana gari na gari, kwa hiyo naomba vitu vinne nikupe iliyo sahihi:
1. Picha ya kibati cha gari, kile chenye kodi ya modeli na namba ya chasi. Kipo kwenye injini au pembeni ya mlango.
2. Gari ni la gia za mkono au otomatiki?
3. 4WD unaiweka kwa lever, kwa batani, au inajiweka yenyewe?
4. Kama una kitabu cha gari, picha ya ukurasa wa vipimo vya oili.
Ukinitumia hivi nakujibu leo leo."

Kibati ndicho muhimu kuliko vyote. Mteja anasema "Hilux ya 2008", kumbe alinunua mwaka 2008 na gari ni la 2004. Kodi ya modeli haimdanganyi mtu. Ukiwa nayo, tafuta kitabu cha modeli hiyo, au ulizia kwenye tovuti ya kampuni ya oili unayouza. Kampuni kubwa nyingi zina ukurasa ambapo unaingiza aina ya gari na kupata oili ya kila sehemu: injini, giaboksi, transfa, difu. Linganisha na kitabu pale unapoweza.

Usipopata uhakika, mwambie mteja wazi: "Boss, kwa gari hili sina uhakika, naomba muulize wakala wa gari lako kwanza." Utakosa chupa moja. Tuseme faida yako kwa chupa ni 6,000. Ukiuza isiyo sahihi na mteja yuko mkoani, nauli ya basi kuirudisha na kutuma nyingine inaimaliza hiyo 6,000 na kukuingiza hasara. Hapo hujahesabu komenti moja ya hasira chini ya tangazo lako, ambayo kila mteja mpya ataisoma.

6. FUNDI AKIBISHA

Mara nyingi mteja anakusogezea fundi wake, na fundi anasema, "Weka 90 au 140 yoyote, mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini." Usishindane naye. Fundi ni mteja mkubwa kuliko mwenye gari, kwa sababu anahudumia magari mengi.

Mwambie hivi: "Sawa fundi wangu, nakuheshimu. Kitabu cha modeli hii kinasema ATF, nakutumia picha ya ukurasa. Ukiona kuna sababu ya kubadilisha niambie nijifunze." Ukurasa unabisha badala yako. Fundi mzuri akishaona maandishi atakubali, na safari ijayo atakuuliza wewe kwanza. Akikataa bado na mwenye gari akaamua kumfuata, muuzie anachotaka ila andika kwenye meseji kwamba ulishauri nyingine. Meseji hiyo ihifadhi.

7. MAELEKEZO YA KUMTUMIA MTEJA PAMOJA NA MZIGO

Muuzaji anayetuma chupa na maelekezo mafupi anakumbukwa. Haya hapa, yabadilishe kwa lugha yako:

- Endesha gari kidogo oili ipate moto, isiwe ya kuunguza. Oili yenye moto inatoka yote pamoja na uchafu.
- Simamisha gari sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
- Hakikisha unafungua nati za transfa. Giaboksi iko jirani na ina nati zinazofanana. Wapo wanaomwaga oili ya giaboksi, kisha wanajaza transfa ambayo haijamwagwa, halafu gari linaondoka na giaboksi kavu.
- Fungua nati ya juu ya kujazia KWANZA, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Ukianza ya chini, oili ikaisha, halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari haliwezi kuondoka hapo.
- Acha oili itoke mpaka iishe matone. Kinga kwa beseni safi ili uione vizuri.
- Safisha nati ya chini. Nyingi zina sumaku. Weka washa mpya, funga.
- Jaza kwa pampu ya mkono au sirinji kubwa mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Hapo imejaa, kama kitabu cha gari hilo hakisemi vingine. Funga kwa washa mpya.
- Endesha kidogo, jaribu H4 na L4 kwenye udongo, usijaribu kwenye lami kavu. Rudi uangalie kama inavuja.
- Oili chafu usiimwage chini wala mtaroni. Iweke kwenye dumu, peleka gereji inayokusanya.

Hilo la lami lina faida kwako pia. Kwenye pikapu nyingi zenye lever, ukiweka H4 kwenye lami kavu na kukata kona, gari linabana na kukaza. Mteja asiyejua atakupigia akisema, "Oili yako imefanya gari lizito."

8. OILI ILIYOTOKA INASEMA NINI

Mwombe mteja akutumie picha ya oili chafu na nati yenye sumaku. Hapa unampa ushauri bure, na mara nyingi unauza kitu kingine kwa haki.

Tope laini la kijivu kwenye sumaku: kawaida, ni msuguano wa siku zote.

Vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole: si kawaida. Mwambie aende kwa fundi afungue, asitegemee oili mpya kutibu.

Oili nyeupe kama chai ya maziwa: maji yameingia. Gari limepita mtoni au kwenye mafuriko. Transfa ina mpira wa kupumulia; ikiwa na moto halafu ikaingia kwenye maji ya baridi, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mpira uliokatika au sili iliyochoka. Abadilishe oili mapema na akague mpira huo.

Oili nyingi kuliko kipimo kwenye transfa, na giaboksi imepungua: sili ya katikati inapitisha. Ni jambo linalofahamika kwa baadhi ya Land Cruiser za gia za mkono. Kujaza giaboksi kila mwezi si dawa, ni sili inayotakiwa.

Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua: imekaa mno au gari linabebeshwa mno.

Mteja akiuliza abadilishe lini, mrudishe kwenye kitabu. Kwa Toyota za kazi utakutana mara nyingi na km 40,000. Gari la mizigo, vumbi, tope na mito lisingoje mpaka mwisho wa kipimo.

9. TANGAZO, KUFUNGASHA NA KURUDISHA

Tangazo baya: "Oili ya transfa original, bei poa, njoo inboksi."

Tangazo zuri: "Oili ya gia SAE 75W-90, GL-4/GL-5, lita 1. Kwa transfa, giaboksi na difu ambazo kitabu kinataja namba hizi. Tuma picha ya kibati cha gari tukuhakikishie kabla hujalipa."

La pili linapunguza maswali, na linamwonyesha mteja kwamba unajua unachouza.

Uza kwa seti: oili ya kutosha, washa mbili za nati, sirinji ya kujazia. Gari la lita 1 mshauri achukue chupa mbili, kwani kuna inayomwagika wakati wa kujaza. Gari la lita 2 na kitu, mshauri tatu.

Kabla ya kutuma kwa basi, kaza kifuniko, zungushia selotepu, tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha boksi. Chupa ikivuja kwenye mizigo ya watu, utalipa ambavyo hukuuza. Piga picha ya sili ya kifuniko na namba ya toleo kabla hujafunga boksi.

Nunua kwa msambazaji anayekupa risiti, na angalia alama ya ubora, ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Chupa yenye sili iliyoguswa au lebo iliyopinda usiipokee hata kwa bei ya kutupa.

Sera ya kurudisha iandike mapema: chupa isiyofunguliwa inarudishwa ndani ya siku ulizopanga. Kosa likiwa lako, nauli ni yako. Usilikwepe hili.

10. DAFTARI LINALOLETA MTEJA TENA

Kila ukiuza, andika: jina la mteja, kodi ya modeli, oili uliyompa, tarehe, na kilomita za gari siku hiyo. Baada ya mwaka mtumie meseji: "Boss, transfa ya KUN25 yako tuliibadilisha kwenye km 182,000. Sasa hivi imefika ngapi?" Mteja huyo hatafuta muuzaji mwingine, kwa kuwa wewe ndiye unayelikumbuka gari lake.

Baada ya wateja thelathini utakuwa na orodha yako mwenyewe ya magari ya eneo lako na oili zake, yenye ushahidi wa vitabu. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha uweke stoku gani, badala ya kujaza duka 140 ambayo hakuna gari linaloitaka.

KAZI YA LEO

Chukua kila chupa uliyonayo, geuza nyuma, andika kwenye karatasi SAE yake, GL yake au aina ya ATF yake. Kisha pitia matangazo yako yote yaliyoandikwa "oili ya transfa" tu na uyarekebishe usiku huu. Ukikwama kwenye chupa yoyote, tuma picha ya lebo ya nyuma kwenye komenti tuisome pamoja.

Mtumie post hii mwenzako anayeuza spea. Biashara njema.